Bipu kwa Bwana Shamba

Siku ya kuvundika ndizi, nyumba ya mzee Anatory huamka mapema. Mzee hupasha shimo moto kwanza. Kisha hutandika majani ya mgomba, hupanga ndizi na kuzifunika kwa majani mengine na udongo. Mkewe, Eustakia, humsaidia kubeba ndizi, lakini kufunika ni kazi ya mzee mwenyewe. Baada ya hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kusogea. Hata pombe ikishatiwa kwenye mtumbwi wake wa mti, haifunuliwi kabla ya siku yake. Jirani akiuliza imefikia wapi, Anatory humwambia asubiri harufu.

Watu wa Mbuba wamemzoea. Pombe yake ni nzuri, na mwenye pombe nzuri husamehewa mengi.

Mwanawe, Renatus, hatengenezi pombe. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi nyumbani, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Lakini tabia ya kufunika aliirithi kwa baba yake, na tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mambo yalianza hivi. Migomba ya Mbuba ilikuwa imeingiliwa na mnyauko. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla hazijakomaa, na ukikata mgomba unatoka usaha. Mgomba mmoja ukiugua, panga lililoukata hupeleka ugonjwa kwa mwingine, na wadudu nao hupeleka kwa jirani. Mvua zikianza, ugonjwa husambaa kwa haraka. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Kinachosaidia ni kuwahi: kukata mgomba mgonjwa mapema na kufuata masharti ya usafi.

Bwana shamba wao, Wiston, aliyajua hayo yote. Tatizo ni kwamba alikuwa na pikipiki moja na vijiji vingi. Habari za mgomba mgonjwa zilimfikia baada ya misa, au msibani, au zisimfikie kabisa. Alipofika, shamba lilikuwa limekwisha.

Ndipo kikundi cha wakulima wa migomba kikamwita Renatus. Mwenyekiti wao ni Benedicta, mama mfupi anayeongea polepole na asiyependa kurudia neno.

"Tutengenezee kitu cha kwenye simu," Benedicta alimwambia. "Mtu akiona mgomba mgonjwa leo, bwana shamba ajue leo."

"Hilo linawezekana, mama," Renatus alisema. "Nipeni muda. Ikiwa tayari mtaiona."

Alijifungia chumbani na kompyuta yake. Kiangazi kizima kilipita. Wiston alipopita kuuliza, Renatus alifunga kompyuta akamwambia bado. Benedicta alipotuma salamu za kuuliza, alijibiwa asubiri. Eustakia aliyekuwa akimpelekea chakula aliambiwa akiweke mlangoni.

Siku ya kuonyesha ilifika. Kikundi kilikusanyika kwenye chumba cha kigango baada ya misa. Renatus aliweka kompyuta juu ya meza na kuifungua.

Kusema kweli, ilipendeza. Kulikuwa na picha ya mkungu wa ndizi na ramani ya kata nzima. Mkulima alitakiwa kujiandikisha kwa barua pepe, kuweka nywila, kupiga picha ya mgomba na kuituma. Bwana shamba angefungua kompyuta ofisini na kuona alama nyekundu kwenye ramani.

Kisha Benedicta akasimama.

"Nani hapa ana simu ya kupangusa?"

Mikono michache ilinyooshwa, na mmoja ulikuwa wa katekista ambaye kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Wengine walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za kubonyeza.

"Na hii nywila ni kitu gani?" aliuliza Adelfina, mama mmoja wa kikundi.

"Ni neno la siri, mama."

"Siri ya nini? Mgomba wangu uko kando ya njia. Kila mtu anauona."

Watu walicheka kidogo. Wiston hakucheka. "Mimi nashinda juu ya pikipiki," alisema. "Hiyo kompyuta ya ofisini nitaifungua saa ngapi?"

Benedicta aliwatazama wenzake, kisha akamtazama Renatus.

"Mvua za vuli ziko karibu," alisema. "Tunakungoja mpaka zianze. Kama haitawezekana, tuseme haiwezekani. Tutarudi kupeana habari baada ya misa, na migomba itakayokufa itakufa."

Maneno hayo yalimuuma Renatus, kwa sababu alijua kwamba mashamba yale ndiyo chakula cha watu wote waliokuwa mle chumbani.

Jioni hiyo nyumba ya mzee Anatory ilipata mgeni. Alikuwa Tecla, binti wa jirani, ambaye anafanya kazi Mwanza katika ofisi inayotengeneza programu za simu. Alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungua, na mtoto alikuwa mgongoni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Eustakia, akampa kigoda. "Huyu mwenzako hali wala hanywi. Hebu mwulize wewe."

Renatus alimsimulia yote. Tecla alisikiliza huku akimtingisha mtoto.

"Nilifanya kila walichoniomba, dada," Renatus alimaliza.

"Walikuomba lini?"

"Mwanzoni mwa kiangazi."

"Tangu hapo uliwauliza nini tena?"

"Nilikuwa natengeneza. Kitu hakijaisha, nitakionyeshaje?"

"Sawa kabisa," alisema Anatory kutoka kwenye kiti chake. "Kitu kinafunikwa mpaka kiive."

Tecla aligeuka kwa heshima. "Baba, naomba nikuulize. Ndizi zikiwa shimoni, unajuaje kwamba zimeiva?"

"Nachimba kidogo pembeni. Napenyeza mkono, napapasa."

"Ukikuta upande mmoja bado?"

"Naongeza majani upande huo. Nitakaaje tu?"

"Na juisi ukishaikamua?"

"Naonja kabla ya kutia mtama. Ikiwa nzito naongeza maji." Anatory alijiweka sawa kitini. "Lakini hayo nayafanya mimi. Wageni hawayaoni."

"Ni kweli, baba, kwa sababu wewe unaijua pombe kuliko wageni. Lakini huyu hayajui maisha ya mama Adelfina kuliko mama Adelfina mwenyewe. Mkono wa kupapasa ni wa wakulima. Yeye amefunika kiangazi kizima, na hakuna aliyepapasa."

Eustakia alicheka chinichini, akaingia jikoni.

"Kwetu kazini tuna njia yetu," Tecla aliendelea, sasa akimwambia Renatus. "Kwa Kiingereza inaitwa agile. Maana yake kuwa mwepesi wa kugeuka."

"Naijua. Niliisoma chuoni. Hata kwenye mtihani ilitoka."

"Ulipata?"

"Nilipata."

"Basi ulijibu mtihani, ukarudi kufunika."

Renatus alicheka bila kupenda. Tecla akamweleza, polepole, na sisi tuliosikia baadaye tunaweza kuyarudia maneno yake.

Kazi kubwa haifanywi yote kwa mkupuo. Inakatwa vipande vidogo, na kila kipande kiwe kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo. Kipande kikiisha kinapelekwa kwa watu watakaokitumia. Wakikisifu, unaendelea. Wakikikataa, umepoteza siku chache tu, hujapoteza kiangazi.

"Na nani anachagua kipande cha kwanza?" Renatus aliuliza.

"Mwenye shida. Hapa ni mama Benedicta kwa niaba ya kikundi. Yeye anasema kipi kina haraka. Wewe unasema kipi kinawezekana na kwa muda gani. Usimchagulie."

"Kwa hiyo hakuna mpango? Tunakwenda tu?"

"Mpango upo. Ila hauandikwi mara moja ukafungwa. Mnaupitia kila mnapomaliza kipande. Mngependa kuonyeshana kila baada ya muda gani?"

"Gulio," alisema Eustakia kutoka jikoni. "Siku ya gulio watu wote wanatoka kwenda sokoni. Huna haja ya kuwaita."

Ikawa hivyo. Kila gulio wangeonyeshana kazi.

Kesho yake Renatus alikwenda kwa Benedicta, akiwa na vipande vya boksi mkononi. Juu ya kila kimoja aliandika jambo moja ambalo kikundi kililitaka. Benedicta alivipanga juu ya mkeka. Kipande cha ramani alikiweka mwisho.

"Ramani ni nzuri, mama," Renatus alijaribu.

"Wiston anazijua njia zote za hapa. Anachotaka kujua ni nani na wapi. Anza na hicho."

Renatus alirudi nyumbani, akachukua mkaa na kuugawa mlango wa jiko sehemu tatu. Juu aliandika Bado, Inafanyika, Imekwisha. Kila kipande cha boksi alikibandika mahali pake. Kwenye Inafanyika aliruhusu kipande kimoja tu, kwa sababu Tecla alimwambia kwamba mtu mwenye kazi nyingi zilizoanzwa hana hata moja iliyoisha.

"Mlango wangu umekuwa ubao wa shule," alisema Eustakia. Lakini hakuufuta. Kila aliyekuja kuomba moto au chumvi aliusoma, na kwa mara ya kwanza watu walijua kazi ya Renatus imefikia wapi.

Kila asubuhi Wiston alipita na pikipiki yake. Waliongea wakiwa wamesimama, na Benedicta akiwa kwenye simu. Kila mmoja alisema mambo matatu: jana nimefanya nini, leo nafanya nini, na nini kinanikwamisha. Hawakukaa, kwa sababu wakikaa Eustakia angeleta chai na mazungumzo yangefika kwenye siasa.

Gulio la kwanza lilifika. Kipande kilikuwa chepesi. Mkulima alitakiwa kutuma ujumbe wenye neno moja tu, MGOMBA. Programu ingesoma neno hilo na kumpelekea Wiston namba ya mkulima.

Adelfina alikubali kujaribu. Alikaa kando ya magunia ya maharage, akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akatuma. Punde simu yake ikalia. Alisoma, akakunja uso, akampa Renatus.

Jibu la programu lilisema: Ujumbe wako haueleweki.

"Uliandika nini, mama?"

Adelfina alimwonyesha. Ujumbe ulisema: Shikamoo bwana shamba, habari za kazi, habari za huko nyumbani, sisi hapa hatujambo kidogo, ni mimi mama Derick, nina mgomba mgonjwa.

"Mama, ilitakiwa neno moja. Mgomba."

"Yaani nimpelekee mtu shida yangu bila kumsalimia?" Adelfina aliuliza. "Mimi nimemsalimia vizuri, yeye ananiambia sieleweki."

Benedicta alijaribu na wengine. Mmoja alisalimia kwa Kihangaza, lugha yao ya nyumbani. Mwingine alisema angeandika neno hilo moja, lakini hana salio la kutuma ujumbe. Wa tatu alisema hajui kuandika, na mwanawe anayemwandikia yuko shuleni mpaka jioni.

Kwa mtu aliyejifungia kiangazi kizima, hilo lingekuwa pigo. Sasa lilikuwa kazi ya gulio moja tu. Renatus alikaa chini pamoja nao, kati ya magunia.

"Mkiwa na shida na mtu na hamna salio, mnafanyaje?"

"Tunabipu," walijibu wote.

Renatus aliangalia kitochi cha Adelfina. Kubipu, kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, hakuhitaji salio. Hakuhitaji kuandika. Na anayebipu hasemi kitu, kwa hiyo hana salamu ya kusahau. Namba yake inatosha. Kama programu inajua namba ni ya nani na anakaa kitongoji gani, hakuna neno lingine linalohitajika.

"Hicho ndicho kipande kinachofuata," alisema Benedicta. Renatus aliandika Bipu kwenye boksi jipya. Kipande cha ujumbe alikitoa mlangoni, akampa mama yake akawashie moto.

Siku zile za kati alizunguka vitongoji vyote, akiandikisha namba za wanakikundi. Gulio lililofuata, Adelfina alibipu. Simu ya Wiston, aliyekuwa upande wa pili wa gulio, ikalia mara moja. Alisoma kwa sauti: jina la Adelfina na kitongoji chake. Watu waliguna kwa kuridhika.

Mzee mmoja aliyesimama nyuma aliinua mkono. Alikuwa Anatory. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali hadharani, na Renatus alishangaa.

"Nauliza tu," alisema mzee. "Mtu akibipu, bwana shamba akaja, atang'oa shamba lote?"

Wengi waligeuka kumsikiliza Wiston. Ilikuwa wazi kwamba swali hilo walikuwa nalo moyoni.

"Hapana, mzee," Wiston alijibu. "Tukiwahi, tunakata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa. Panga tunalipitisha kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Na lile ua la chini la mkungu tunalivunja kwa kijiti chenye panda, wadudu wasilifuate. Basi. Shamba linabaki."

"Hayo unatuambia leo gulioni," alisema Benedicta. "Mtu akiwa peke yake shambani na hofu yake, nani atamwambia?"

Renatus alikuwa amekusudia kuanza ramani wiki ile. Aliitazama sura ya Benedicta, akaelewa kwamba ramani itasubiri. Kipande kipya kilikuwa cha Wiston, wala hakikuwa cha kompyuta: kila anayebipu apigiwe simu siku hiyohiyo, asalimiwe, aambiwe kwamba mgomba mgonjwa tu ndio utakaokatwa.

Baada ya gulio walibaki kidogo, Renatus, Wiston na Benedicta. Tecla alikuwa amewashauri wajiulize kila mara, si kuhusu programu tu, bali kuhusu wao wenyewe: tunafanyaje kazi, na tubadilishe nini.

"Nina neno," alisema Wiston, akitazama chini. "Kila asubuhi nasema hakuna kinachonikwamisha. Si kweli. Simu yangu huzima mchana. Betri imechoka. Niliona aibu kusema."

"Ungesema mapema tungepanga mapema," alisema Benedicta, lakini bila ukali. Waliamua kila bipu lifike pia kwenye simu ya Benedicta. Renatus aliifanya kazi hiyo jioni ileile, na kipande kikahamia Imekwisha.

Mvua zilianza siku chache baadaye. Zilianza alasiri, kwa nguvu, na zikanyesha mpaka asubuhi. Kulipokucha, Renatus alikuwa mlangoni mwa jiko akimsubiri Wiston. Simu yake ya majaribio, ambayo ilionyesha kila bipu, ilitetemeka.

Alisoma jina. Akasoma tena. Lilikuwa jina la baba yake.

Anatory alikuwa anatokea upande wa chini wa shamba, upande ambao tangu kiangazi alikuwa hataki mtu aende. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Kitochi kilikuwa mkononi.

"Baba, umebonyeza kwa bahati mbaya?"

"Hapana," alisema mzee. "Nimebipu."

Simu yake ikalia. Alipokea, akasikiliza. Wiston alimsalimia kwa Kihangaza, akauliza habari za nyumbani, habari za mvua, kisha habari za mgomba. Mzee alijibu kila kitu kwa utaratibu. Mwisho alisema, "Njoo. Nakusubiri."

Kule chini walikuta migomba michache imenyauka, na mkungu mmoja ukiwa na ndizi zilizoiva kabla ya wakati. Anatory alikuwa ameifunika kwa majani makavu ili anayepita njiani asione. Alisema mwenyewe kwamba aliogopa watamng'olea shamba, na bila shamba hakuna ndizi, na bila ndizi yeye ni nani. Renatus alimhurumia sana.

Wiston aliwasha moto mdogo. Alikata migomba ile chini kabisa, akipitisha panga kwenye moto kila baada ya mgomba mmoja. Eustakia aliokota kijiti chenye panda, akaanza kuvunja maua ya chini kwenye migomba mizima. Kazi iliisha kabla ya mchana. Shamba lilibaki limesimama.

Vuli ile mabipu yalitoka vitongoji vingi. Mengine yalikuwa ya bure, ya watoto waliochezea simu, na kikundi kilipata njia ya kuyapunguza, kipande kwa kipande. Mashamba machache yaliharibika. Mengi yalipona. Tecla alirudi Mwanza na mtoto wake, na Benedicta akaazima mkaa akagawa mlango wake mwenyewe kwa ajili ya ujenzi wa ghala la kikundi. Kipande cha ramani kiko kwenye Bado mpaka leo.

Jioni moja Renatus alikuwa akipita nyuma ya nyumba. Baba yake aliinama juu ya mtumbwi wa pombe, akasogeza majani upande mmoja, akachota kwa kibuyu kidogo.

"Njoo uonje," alisema.

"Si bado haijaiva, baba?"

"Bado," alisema Anatory, akampa kibuyu. "Onja, uniambie imepungukiwa na nini."